Kifungu Gani, Shefu?

Karatasi ya kwanza ambayo polisi watakuletea ni konvokasyo. Ni nusu ukurasa: muhuri, jina lako lililokosewa herufi moja, saa ya kufika, na pale penye sababu wameandika kwamba utaambiwa ukifika. Hapa Kavimvira, Uvira, wengi wetu tukiipokea tunakimbilia kwa mtu anayejuana na mtu: binamu aliye polisi, jirani anayefanya kazi pale mpakani, mchungaji wa kanisa. Binamu ana kazi yake, simkatazi. Lakini kabla hujampigia, kuna jambo la kufanya ambalo halidai pesa nyingi. Ulizia kosa unaloshutumiwa linaitwaje, tafuta kifungu cha sheria kinacholitaja, ukisome mwenyewe au usomewe.

Ukishajua kifungu, mengine mengi yanajulikana: mahakama ipi itakuhukumu, kama unaweza kufungiwa kabla ya hukumu, kosa linakufa baada ya muda gani, na hata kama hiyo ni jinai kweli au ni deni la mtu lililovalishwa kofia ya polisi. Kwa hiyo jizoeze swali hili, kwa sauti ya heshima: "Shefu, kosa gani, na kifungu gani?" Si ujeuri. Kifungu cha 18 cha Katiba ya Congo ya tarehe 18 Februari 2006 kinasema anayekamatwa lazima ajulishwe papo hapo sababu ya kukamatwa kwake na shutuma iliyopo, tena kwa lugha anayoielewa. Kifaransa cha haraka haraka juu ya meza hakimtoshi mama anayejua Kiswahili na Kivira tu. Ana haki ya kusema: nielezeni kwa Kiswahili.

Saa 48, na daftari la aliyebaki nje

Kifungu hicho hicho ndicho chenye saa 48 ambazo kila mtu amezisikia redioni. Polisi hawawezi kukuzuia zaidi ya hapo. Saa hizo zikiisha, ama wanakuachia ama wanakupeleka mbele ya mamlaka ya sheria, yaani parke (ofisi ya mwendesha mashtaka). Na tangu dakika ya kwanza una haki ya kuwasiliana na jamaa yako au avoka (wakili) wako. Katiba haikutenga Jumapili wala sikukuu. Umbali pia si kisingizio kwetu: kutoka Kavimvira hadi parke ya Uvira ni safari ya moto (pikipiki), si ya siku mbili kama kwa mtu aliyekamatwa juu milimani Itombwe.

Tatizo ni kwamba saa 48 hazina mwanzo kama hakuna aliyeuandika. Aliye ndani amenyang'anywa simu na mkanda, kwa hiyo kazi hiyo ni ya aliyebaki nje. Achukue daftari la shule aandike: siku, saa na dakika, waliomchukua walikuwa wangapi na walivaa nini, kasho (mahabusu) ipi, nani alikuwa kwenye zamu, vitu gani vimebaki mezani na pesa kiasi gani. Kisha atume maneno hayo hayo kwa WhatsApp kwa ndugu mwingine, maana ujumbe unabaki na saa yake. Siku ya tatu majistra wa parke akiuliza, ujumbe uliotumwa saa kumi na dakika ishirini jioni una uzito kuliko viapo vya mashangazi watatu.

Ndani, OPJ (ofisa wa polisi mwenye kazi ya upelelezi) atakuhoji na kuandika PV, yaani maandishi ya mahojiano. Kila ulichosema kitakwenda parke kwa maandishi ya mkono wake, si kwa mdomo wako. Usitie sahihi kabla ya kusomewa yote, na ikiwa imeandikwa kwa Kifaransa, uelezwe kwa Kiswahili sentensi kwa sentensi. Ukikuta neno ambalo hukulisema, omba lisahihishwe. Asipokubali, usisaini, na uombe sababu yako ya kukataa iandikwe pale chini. Kifungu cha 19 cha Katiba kinakupa haki ya kusaidiwa na mtetezi katika ngazi zote, kuanzia hapo hapo polisi. Ukiambiwa "avoka ni wa mahakamani", huo si msimamo wa Katiba.

Kuna desturi moja mbaya ambayo nataka niizungumzie kidogo. Kijana amepigana, amekimbilia Bujumbura au Baraka, polisi wanakuja nyumbani wanamchukua mama yake "mpaka mtoto ajitokeze". Kifungu cha 17 cha Katiba kimeifunga njia hiyo kabisa: jukumu la jinai ni la mtu binafsi, na hakuna anayeweza kushitakiwa, kukamatwa, kuzuiwa wala kuhukumiwa kwa tendo la mwingine. Hakuna "isipokuwa". Mama anaweza kuulizwa anachojua, kama shahidi, kisha arudi kwake. Akifungiwa, kosa sasa liko upande wa aliyemfungia, kwa sababu kifungu cha 67 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu kumkamata au kumzuia mtu ovyo kwa kifungo cha mwaka 1 hadi 5. Nambari hizo mbili, 17 na 67, ziandike nyuma ya mlango.

Deni si jinai

Ukiuliza kinachowapeleka watu wa kawaida polisi katika mji wa biashara kama wetu, jibu la kweli si wizi wala damu. Ni pesa: vitenge vilivyochukuliwa Bujumbura kwa mkopo, moto iliyokodishwa kwa fungu la kila siku, mtaji wa ndagala uliozama na mtumbwi, likilimba iliyovunjika. Likilimba, kwa asiyejua, ni mchango wa kupokezana ambao Watanzania huuita upatu.

Katiba, kifungu cha 61, inataja haki ambazo haziguswi hata nchi ikiwa katika hali ya dharura. Mojawapo ni katazo la kufunga mtu kwa ajili ya deni. Kwa hiyo anayekudai akienda polisi akaeleza ukweli, kwamba alikuuzia mali kwa mkopo na hujalipa, polisi hawana la kufanya. Hiyo ni kesi ya madai. Ndiyo maana malalamiko yanabadilishwa jina njiani. Yanafika mezani yakiitwa "abus de confiance" (kuvunja uaminifu) au "escroquerie" (utapeli), ya kwanza katika kifungu cha 95 na ya pili katika cha 98 cha Kanuni ya Adhabu. Zote mbili zina kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5. Hapa kusoma kifungu kunaweza kukutoa kasho.

Tuchukue mfano. Mama fulani wa Kavimvira amepokea mabunda ya vitenge ya dola 300 kutoka kwa mfanyabiashara, wakaandikiana kwamba atalipa baada ya mwezi mmoja. Mafuriko yameingia dukani, mali imeharibika, mwezi umepita. Je, amevunja uaminifu? Kifungu cha 95 kinataka mambo matatu kwa pamoja: awe amekabidhiwa mali au pesa, awe amekabidhiwa kwa sharti la kuirudisha au kuitumia kwa kazi maalum waliyokubaliana, na awe ameipoteza au kuigeuza kwa hila. Mama yetu alinunua. Vitenge vilikuwa vyake tangu siku alipovichukua, anachodaiwa ni bei. Sharti la pili halipo, na hila haipo. Anadaiwa, tena atalipa, lakini hastahili kasho hata saa moja.

Sasa geuza maelezo kidogo tu. Mfanyabiashara amempa vitenge auze kwa niaba yake, kila kinachouzwa alete pesa, kisichouzwa akirudishe. Mama ameuza vyote, akajengea nyumba ya shemeji, kisha akasema ameibiwa. Hapo kifungu cha 95 kinamgusa kweli. Mama ni yule yule na vitenge ni vile vile. Tofauti iko kwenye makubaliano. Kwa hiyo hati ndogo mnayoandikiana dukani, hata kwenye karatasi ya daftari, iseme wazi: "ameuziwa kwa mkopo" au "amepewa auze". Neno hilo moja siku moja litasomwa na majistra.

Utapeli wa kifungu cha 98 una alama yake: uongo unatangulia pesa. Mtu ametumia jina la uongo, cheo cha uongo au ujanja mwingine ili umpe. Aliyekopa kwa jina lake halisi kisha akashindwa kulipa hakukutapeli, hata kama anakuudhi kila ukimwona sokoni.

Kuipata sheria yenyewe

Sheria ya jinai ya Congo iko hasa katika vitabu viwili. Kanuni ya Adhabu, ile Code pénal, ni dekreti ya tarehe 30 Januari 1940. Hiyo inataja makosa na adhabu. Kanuni ya mwenendo, Code de procédure pénale, ni dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959. Hiyo inasema nani anaweza kukushika, kwa muda gani, na kesi inakwendaje. Zote mbili ni za zamani kuliko uhuru wetu, zimetiwa viraka mara nyingi, na zote zinapatikana bure kwenye tovuti ya Leganet (leganet.cd). Mtu mmoja mwenye mega za kutosha anaweza kuzipakua na kuzigawa kwa Bluetooth kwa aveni nzima. Anayepiga fotokopi kando ya barabara atakuchapia kurasa unazohitaji tu, huna haja ya kitabu kizima. Kurasa za kuanzia ni Katiba kuanzia kifungu cha 17 hadi cha 21.

Utazikuta kwa Kifaransa. Kifungu cha 142 cha Katiba kinaiamuru serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha zote nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, ndani ya siku 60 tangu isainiwe. Tumesubiri. Wakati tunasubiri, tafuta mwanafunzi wa sheria wa mtaani kwenu. Kila aveni inaye mmoja, na kusoma kifungu kimoja kwa sauti hakumchukui dakika kumi.

Kuwa macho na mtego wa tarehe. Nakala ya Kanuni ya Adhabu inayozunguka zaidi kwenye simu ni ile iliyosahihishwa hadi tarehe 30 Novemba 2004, na tarehe hiyo imeandikwa pale mbele. Maana yake mabadiliko yote ya baadaye hayamo. Vifungu vyake vya ubakaji, kwa mfano, vilibadilishwa na Sheria nambari 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006. Anayekusomea adhabu ya ubakaji kutoka nakala ya 2004 anakusomea sheria iliyokufa. Makosa makubwa ya kivita na dhidi ya ubinadamu yaliingizwa na sheria ya tarehe 31 Desemba 2015. Mambo ya mitandao, pamoja na kusambaza habari za uongo juu ya mtu kwenye vikundi vya WhatsApp, yako katika Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023. Na usishangae ukikuta faini za "zaïre": ni fedha iliyoondolewa 1998, imebaki kwenye karatasi. Kiasi cha leo muulize karani wa mahakama, si OPJ.

Sasa namna ya kukisoma kifungu. Soma kwanza tendo, polepole, ukiweka kidole kwenye kila sharti, kama tulivyofanya na kifungu cha 95. Kisha ruka mwishoni utafute kifungo cha juu kabisa, kile cha "maximum". Nambari hiyo ndiyo ufunguo.

Chukua wizi. Kifungu cha 79 kinasema wizi ni nini: kuchukua kwa hila kitu kisicho chako. Cha 80 kinaadhibu wizi usio na nguvu wala vitisho kwa kifungo kisichozidi miaka 5. Cha 81 kinapandisha hadi miaka 10 ikiwa mwizi amevunja, amepanda ukuta, ametumia ufunguo wa bandia, au ameingia usiku katika nyumba wanamokaa watu. Aliyezoa ndagala mchana zinapoanikwa ufukweni na aliyeingia chumbani kwako usiku wa manane wote ni wezi, lakini hawaendi mahakama moja. Sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 juu ya mahakama imeweka mpaka kwenye miaka 5: kifungo kisichozidi hapo ni kazi ya Tribunal de paix, yaani Tripaix, kinachozidi ni cha Tribunal de grande instance, TGI. Uvira tunazo zote mbili.

Nambari hiyo hiyo inaamua kama unaweza kufungiwa kabla ya hukumu. Kanuni ya mwenendo, kifungu cha 27, inataka dalili nzito za hatia na kosa lenye adhabu ya kifungo cha miezi 6 au zaidi. Chini ya hapo, kuzuiwa ni kwa nadra tu, kwa mfano mtu asiyejulikana ni nani au anayehofiwa kutoroka. Fikiria basi ugomvi wa kwenye robine ya maji, matusi mbele ya watu. Matusi ya hadharani, kifungu cha 75, hayazidi miezi 2. Mama anayejulikana mtaa mzima, mwenye nyumba na watoto sita, kulala kasho kwa ajili ya tusi ni jambo ambalo sheria haikulipanga, na OPJ anajua hivyo. Makosa madogo ya namna hii pia yanazeeka haraka: lenye kifungo kisichozidi mwaka 1 haliwezi kushitakiwa tena mwaka 1 ukipita.

Mtoto ana hesabu yake. Kwa Sheria ya tarehe 10 Januari 2009, aliye chini ya miaka 14 hawezi kuwa na hatia ya jinai kabisa, na wa miaka 14 hadi 18 anakwenda kwa jaji wa watoto, si kwa jaji wa watu wazima. Chukua hati ya kuzaliwa kabla ya kwenda polisi. Kama haipo, chukua karte ya chanjo au ya shule. Mtoto mrefu hupewa miaka 19 bila kuulizwa.

Ukitendewa wewe

Malalamiko yanaweza kuanzia polisi au moja kwa moja parke, kwa mdomo au kwa barua. Barua ni bora, nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa mapokezi ubaki nayo. Kama unamjua aliyekutendea na una ushahidi, sheria inakuruhusu hata kumwita mwenyewe mbele ya mahakama bila kupitia upelelezi wa parke. Inaitwa "citation directe". Hapo mweleze avoka kwanza, kwa sababu ukishindwa gharama zinaweza kukurudia.

Aliyekupiga akiwa askari jeshi au polisi, mlango wako ni Auditorat militaire, maana hao wote wawili wanahukumiwa na mahakama za kijeshi. Raia wa Kivu Kusini kwa kawaida anabaki na mahakama za kiraia. Hali ya dharura iliyotangazwa Mei 2021, iliyowapa wanajeshi madaraka makubwa juu ya raia, ilihusu Ituri na Kivu Kaskazini, haikufika kwetu. Na msiseme mwanajeshi mkubwa haguswi. Mwanzo wa 2011, baada ya wanawake kubakwa Fizi siku ya Mwaka Mpya, mahakama ya kijeshi ilikwenda kukaa Baraka, na mwezi wa pili Luteni Kanali Kibibi Mutware alihukumiwa miaka 20.

Kwa ubakaji, hospitali kwanza. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na karatasi ya daktari ndiyo ushahidi utakaosimama. Usifue nguo. Sheria 06/019 ya 2006 inamtaka OPJ amjulishe majistra ndani ya saa 24, na inakataza kesi hii kumalizwa kwa faini ya maelewano. Mbuzi watatu, ndoa ya haraka au kikao cha wazee chini ya mwembe havizimi kesi ya jinai. Mzee wa kimila anayepokea mbuzi hao anajiweka mahali pabaya.

Neno moja kuhusu bajakazi na wengine wote wanaotaja wachawi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 57, inaadhibu kumfanyia mtu jaribio la kishirikina ili kujua kama ametenda jambo fulani, hata kama mwenyewe amekubali, na inawashika pia walioshiriki. Sheria ya watoto ya 2009 inamwadhibu anayemwita mtoto mchawi. Na umati unaochoma mtu, awe anaitwa mchawi au mwizi, ni kundi la wauaji. Aliyeleta tairi na aliyeleta petroli wanashitakiwa kwa mauaji.

Pesa halali na pesa nyingine

Kuna faini ambayo OPJ anaweza kupendekeza kwa makosa madogo ili kesi iishie hapo, "amende transactionnelle". Ni halali, lakini ni mali ya Serikali: inaandikwa, na unapewa risiti. Kuna dhamana ya kutoka wakati kesi inaendelea, inayowekwa mahakamani na kurudishwa ukitii masharti na kufika kila unapoitwa. Nayo ina karatasi. Pesa isiyo na karatasi, iwe ya "usafiri wa askari", "kalamu" au "kufungua mlango", haimo katika sheria yoyote niliyokwisha kuisoma, na Sheria ya tarehe 29 Machi 2005 juu ya rushwa inamgusa anayepokea na anayetoa. Najua unachofikiria: mtoto yuko ndani na mvua inanyesha. Basi angalau omba risiti kwa sauti, mbele ya watu. Mara nyingi bei hushuka.

Ukikosa pesa za avoka, sheria ya mwaka 1979 inayoratibu chama cha mawakili imeweka ofisi ya ushauri wa bure, "bureau de consultations gratuites". Nenda na cheti cha umaskini kutoka kwa Affaires sociales.

Nambari ya faili

Faili ikifika parke inapewa nambari ya RMP, na ikifika mahakamani inapewa RP. Ziandike siku hiyo hiyo. Familia inayokwenda dirishani na kusema "tunamtafuta kaka yetu aliyeshikwa wiki iliyopita" itarudi kesho na kesho kutwa. Yenye nambari inajibiwa. Majistra akitoa hati ya kukamata ya muda, lazima ufikishwe mbele ya jaji ndani ya siku 5. Jaji akikubali uzuiwe, ni siku 15 kwanza, kisha mwezi kwa mwezi, na kila mara ni nafasi ya kuomba kutoka. Wengi walioko gereza la Mulunge bila hukumu hawajui kwamba karatasi yao ina tarehe ya kwisha. Jamaa aulize: hati ya mwisho ni ya lini, na inaisha lini?

Ukivuka barrier kuelekea Gatumba, haya yote yanabaki nyuma yako. Burundi ina kanuni yake ya adhabu, ya tarehe 29 Desemba 2017, na saa 48 za Katiba yetu hazivuki mpaka. Anayekamatwa upande ule atafute avoka wa upande ule.

Hukumu lazima iandikwe, itoe sababu, na isomwe hadharani. Omba nakala kwa karani, hata ukishinda. Ukishindwa, una siku 10 za kukata rufaa, tangu isomwe ikiwa ulikuwepo, au tangu ujulishwe ikiwa hukuwepo. Ya Tripaix inakwenda TGI hapa hapa Uvira. Ya TGI inakwenda Cour d'appel ya Bukavu, na tangu waasi wa M23 waingie Bukavu Februari 2025, kisha vita vikafika Uvira yenyewe Desemba 2025, safari hiyo si ya kupanga kwa urahisi. Lakini tamko la rufaa unaweza kulifanya kwa karani wa mahakama iliyokuhukumu, huhitaji kuvuka mstari wowote ili siku zako zisipotee. Karani akikuambia urudi Jumatatu, hesabu kwanza kama Jumatatu hiyo bado iko ndani ya zile siku 10. Kama haiko, keti hapo hapo mpaka aandike.